Maswali yenu kuhusu Kiingereza: “Sorry” ni pole au ni samahani?

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali, lakini nyingi zinauliza neno lilelile: “sorry”. Ni kivumishi kidogo cha herufi tano ambacho kila mtu anakijua, na pengine ndiyo sababu kinawakosesha wengi. Tumeyapanga maswali kufuatana na maana, si kufuatana na tarehe yalipofika.

Shikamoo wahariri. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya Leicester, Uingereza. Mgonjwa akiugulia maumivu ninapomgeuza kitandani, neno linanitoka lenyewe: “Sorry, sorry.” Juzi mzee mmoja aliniuliza, “Why, what have you done?” Mkuu wa wodi naye amenishauri nipunguze. Nakosea wapi?

Marahaba. Adabu unayo, na ungekuwa wodini Dodoma au Kisumu hakuna ambaye angekuuliza kitu. Shida ni kwamba Kiswahili kimetupa maneno mawili, na Kiingereza kimeyatia yote katika neno moja. Pole ni ya mtu aliyepatwa na jambo, uwe umehusika au hukuhusika. Samahani ni ya mimi niliyekukosea, au ninayetaka kukusumbua sasa hivi. “Sorry” hubeba zote mbili, na Mwingereza anapoisikia huamua ni ipi kwa kujiuliza swali moja: nani amesababisha?

Ukiwa mbali na tukio, anaisikia kama pole. Ukimwambia mfiwa “I'm so sorry”, hawezi kukuuliza umefanya nini, kwa sababu ni wazi hukumuua marehemu. Ukiwa karibu na tukio, anaisikia kama samahani. Wewe mkono wako uko begani kwa mzee, mzee anapiga kelele, wewe unasema “sorry”. Kwake yeye umekiri kosa, na sasa anataka kujua ni kosa gani.

Kwa hiyo shika hivi: “sorry” ikiwa peke yake, tena fupi, ni samahani. Ukitaka iwe pole, ipe mkia. “I'm sorry you're in so much pain” ni pole tupu, haina ungamo ndani yake. “I'm sorry to hear that” vilevile. Kwa kazi yako ya kitandani, sehemu kubwa ya pole zako zinaweza kugeuzwa kuwa maneno mengine kabisa. Kabla ya kumgeuza: “This may hurt a little. Tell me if you want me to stop.” Mkiwa katikati: “I know, I know. Nearly there.” Mkishamaliza: “I'm sorry that was so painful.” Hapo mkia upo, na mzee ataelewa kwamba unamhurumia.

Ile “sorry” fupi ibakie kwa kosa la kweli, na likitokea usiifiche. Umempa vidonge saa nzima baada ya wakati wake? “I'm sorry. I gave you your tablets an hour late.” Tangu mwaka 2014 hospitali za umma za England zimewekewa wajibu wa kisheria wa kumweleza mgonjwa ukweli na kumwomba radhi akipata madhara makubwa katika matibabu. Pia sheria ya fidia ya mwaka 2006 inatamka kwamba kuomba radhi, kwenyewe, si kukiri uzembe. Mkuu wako wa wodi, tunavyodhani, hakatai neno. Anataka likitamkwa liwe na uzito.

Na usione haya: tabia hii si yetu peke yetu. Wayoruba wa Nigeria wana neno lao “pẹlẹ”, ambalo hata kwa sauti linakaribia pole yetu, nao pia humwambia aliyejikwaa “sorry”. Kiingereza cha Lagos na cha Nairobi kimekutana hapo bila kupangana.

Naongoza wageni mlima Kilimanjaro. Nataka orodha: pole na safari, pole na kazi, poleni, mpe pole, ugua pole. Kwa Kiingereza nisemeje?

Anza na onyo linalokuhusu wewe kuliko wengine. Mgeni wako amefundishwa “pole pole” tangu langoni. Akijikwaa ukamwambia “pole”, huenda akadhani unamtaka apunguze mwendo. Ukimwambia “sorry”, atadhani jiwe ni lako. Mwulize kwanza “Are you all right?” kisha uongeze “Careful, it's slippery here.” Hilo ndilo analolitarajia.

“Pole na kazi” haina mwenzake. Usijaribu “sorry for the work”, maana msikilizaji ataelewa kwamba wewe ndiye uliyempa hiyo kazi na sasa unajuta. Ukimkuta mtu anachapa kazi, sema “Hard at work, I see.” Akishamaliza, “Thank you for all your hard work.” Tazama kwamba Mwingereza anashukuru pale ambapo sisi tunatoa pole. “Pole na safari” nayo hugeuka swali: “How was your journey? You must be tired.”

“Ugua pole” ni “Get well soon.” “Pole, nimesikia ulikuwa unaumwa” ni “I'm sorry to hear you've been ill,” na hapo “sorry” inakaa vizuri kwa sababu ina mkia. “Mpe pole” inawaponza wengi: husikika “give him my sorry”. “Sorry” si nomino, haipokelewi wala haipelekwi. Sema “Tell him I'm sorry to hear about the accident.” Kama ni msiba, “Please pass on my condolences.”

“Poleni” ni rahisi kuliko zote. Kivumishi cha Kiingereza hakijui umoja wala wingi, kwa hiyo mgeni mmoja na wageni arobaini wote ni “sorry”.

Kuna pole moja hukuiuliza, lakini utaihitaji siku mgeni anapotapika na kuumwa kichwa, nawe huna budi kumrudisha chini. “Sorry, you cannot” ni ukali. Sema “I'm sorry, but we have to go down now,” au “I'm afraid we have to go down.” Hiyo “afraid” haina hofu yoyote ndani yake. Ni njia ya upole ya kupeleka habari ambayo mtu hataipenda.

Nafundisha Kiingereza sekondari, Kigoma. Wanafunzi wanaandika “I sorry”, “I am sorry for late”, “sorry to break the window”. Nikisahihisha leo, kesho wanarudia. Nisaidieni njia ya kufundisha.

Mwalimu, makosa hayo matatu yana vyanzo vitatu, ndiyo maana dawa moja haijatosha.

“I sorry” inatokana na samahani, ambayo ni sentensi kamili peke yake, na pia na “nasikitika”, ambacho ni kitenzi. Mwanafunzi anaichukua “sorry” kama kitenzi. Mwonyeshe kwamba inakaa kiti kilekile cha “tired” na “hungry”. Kama hawezi kusema “I hungry”, basi hawezi kusema “I sorry”. Kwa njia hiyohiyo utazima “he sorried me”. Kama anataka kitenzi, kipo: “apologise”. Mtu huomba radhi kwa mtu kwa “to”, na kwa jambo kwa “for”: “He apologised to me for the mistake.”

“Sorry for late” ni tafsiri ya “samahani kwa kuchelewa”. “For” inadai nomino au kitenzi chenye “-ing” mbele yake, na “late” si chochote kati ya hivyo. Hivyo ni “sorry for being late”, au “sorry for the late reply” ambamo “reply” ndiyo nomino. Lakini wafundishe kile ambacho Waingereza wenyewe husema mlangoni kila siku: “Sorry I'm late.” Ni maneno matatu tu, na hayana kihusishi cha kukosea.

“Sorry to break the window” ni suala la wakati. “To” inafuatwa na jambo linalotokea sasa au linalokaribia: “Sorry to disturb you” unaisema ukiwa unabisha hodi. “For” na “-ing” ni jambo lililokwisha kutendeka: “Sorry for disturbing you” unaisema unapoondoka. Dirisha limeshavunjika, basi ni “I'm sorry for breaking the window,” au kwa wepesi zaidi “I'm sorry I broke the window.” Kwa vitu na hali tumia “about”: “sorry about the noise”, “sorry about the window”.

Darasani, chora safu tatu ubaoni: “to”, “for”, “about”. Wape vitendo kumi vya shuleni: kukanyaga mguu wa mwenzake, kumkatiza mwalimu, kelele za bweni, kupoteza kitabu cha kuazima. Kabla hawajaandika chochote, kila mmoja ataje kwanza kama jambo lenyewe linaanza, limepita, au ni kitu kilichopo tu. Hapo kihusishi kitajichagua. Ukianza na kanuni kabla ya vitendo, watakariri na kusahau.

Ongeza mtego mmoja ambao vitabu vingi vinaupita haraka. “For” ikifuatwa na mtu huwa ni huruma, si radhi. “I'm sorry for him” maana yake namwonea huruma. Mwanafunzi anayetaka kumwambia rafiki “pole” kwa kufeli mtihani huandika “I am sorry for you”, na ikitamkwa kwa kiburi kidogo tu inakuwa “nakusikitikia wewe”, yaani dharau. Aandike “I'm sorry about your results.” Na ile “too sorry” ya kutafsiri “sana” ikatwe kwa wino mwekundu. “Too” ni kupita kiasi. Kinachotakiwa ni “very”, “so” au “really”.

Niko kidato cha nne, Malindi. Katika kifungu cha ufahamu kulikuwa na “a sorry sight”. Nani anaomba msamaha hapo? Na je, “sorry” imetokana na “sorrow”?

Hakuna anayeomba. “Sorry” ikitangulia nomino hubadili maana: duni, ya kusikitisha, ya kutia aibu. “The boat was a sorry sight” ni kwamba chombo kilikuwa kimechakaa hata kukitazama ni huzuni. “In a sorry state” ni katika hali mbaya. Hivyo “a sorry man” si mtu anayejuta, na “a sorry letter” si barua ya kuomba radhi. Barua hiyo ni “a letter of apology”. Hapa, mbele ya nomino, ndipo pia utakapokutana zaidi na “sorrier” na “sorriest”.

Kuhusu asili, hapana, ingawa wengi wanadhani hivyo. “Sorry” ni mtoto wa neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha mwenye maumivu, na ndugu yake wa leo ni “sore”, kidonda. “Sorrow” ina shina lake jingine. Maneno hayo mawili yalifanana kwa sauti na kukaribiana kwa maana, na moja likalivuta jingine.

Ni karani wa huduma kwa wateja, Mombasa. Bosi anataka kila baruapepe ifungwe kwa “Sorry for the inconveniences caused.” Wateja wanazidi kukasirika. Tatizo ni Kiingereza au ni sisi?

Yote mawili. Kisarufi, “inconvenience” katika fomula hii haichukui “s”, na “caused” inaning'inia bila mtendaji. Sentensi ya ofisini ni “We apologise for the inconvenience.” Lakini hata ukiinyoosha hivyo, mteja ambaye mzigo wake umekaa bandarini siku tisa hajaona popote kwamba unajua kilichompata.

Radhi ya kazini ina sehemu nne, na ifuate mpangilio huu: taja kosa kwa jina, sema ni lenu, eleza mmefanya nini, toa tarehe. Kwa mfano:

“We are sorry that your delivery is nine days late. We sent the wrong form to the port. The correct form went this morning, and your goods will leave on Thursday.”

Sentensi tatu, na “inconvenience” haimo. Epuka mno “We are sorry if you were affected.” Hiyo “if” inatilia shaka kwamba mtu aliumia, ilhali amekuandikia kwa sababu ameumia. “We are sorry you feel that way” ni mbaya zaidi. Ina sura ya radhi, lakini kosa imelihamishia kwenye hisia za mteja. Waingereza wanaijua hila hiyo, na wakiisikia hasira hupanda.

Mimi ni mzee wa Nakuru. Kijiweni tunabishana: mwaka 2013 Uingereza iliomba msamaha kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, au haikuomba?

Shikamoo mzee. Tuyatazame maneno yenyewe. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje William Hague alisimama bungeni London akasema serikali “sincerely regrets” kwamba maovu hayo yalitendeka. Alitangaza jumla ya pauni milioni 19.9, ndani yake yakiwemo malipo ya wadai 5,228 na gharama za kesi. Papo hapo akasema serikali inaendelea kukana dhima ya kisheria. Neno “sorry” halikuwemo katika kauli hiyo ya majuto, wala “apologise”. “Regret” ni kusikitika kwamba jambo lilitokea, na mtu anaweza kusikitikia hata mvua. Mfalme Charles alipokuja Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023 alizungumzia “the greatest sorrow and the deepest regret” na kwamba hapakuwa na udhuru wowote. Ni maneno mazito kuliko ya Hague, lakini bado yako upande wa pole. Siku iliyofuata, huko Songea, rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier, kwa lugha yake, aliomba asamehewe kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa wenyeji katika vita vya Maji Maji. Kuomba kusamehewa na kueleza huzuni ni matendo mawili tofauti. Kwa hiyo kijiweni, anayesema “walisikitika” ana ushahidi wa maandishi, na anayesema “waliomba msamaha” anakwenda mbali kuliko maneno yalivyokwenda.

Wanasiasa wanalijua pengo hili vizuri mno. Australia, mwaka 1999, bunge chini ya waziri mkuu John Howard lilipitisha azimio la “deep and sincere regret” kuhusu wenyeji asilia, na “sorry” ikaepukwa. Walioikosa waliendelea kuidai hadi tarehe 13 Februari 2008, pale Kevin Rudd aliposimama bungeni na kutamka “we say sorry” kwa familia ambazo watoto wao walichukuliwa kwa nguvu.

Na kuna kisa ambacho “sorry” ilitumiwa makusudi kwa sababu ina nyuso mbili. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana angani na ndege ya kivita ya China, rubani Wang Wei akapotea, na Wamarekani 24 wakazuiliwa kisiwani Hainan. China ilidai radhi. Baada ya siku kumi balozi wa Marekani alitoa barua yenye “very sorry” mara mbili. Ya kwanza, “very sorry for their loss”, ilikuwa ya watu wa China na familia ya rubani: pole ya msiba. Ya pili ilihusu ndege kuingia na kutua bila kibali cha mdomo, hiyo ikisogea kwenye samahani. Washington ilisema haijaomba radhi. Beijing iliwatafsiria raia wake kwa neno la Kichina la kuomba radhi. Wale 24 wakaachiwa. Barua hiyo ingeandikwa kwa Kiswahili, mwandishi angelazimika kuchagua.

Naendesha teksi Toronto. Rafiki ameniambia nikigongana na gari jingine nisiseme “sorry”, itanifunga kisheria. Ni kweli?

Kwa Ontario, katika kesi za madai, hofu hiyo haina msingi. Sheria ya radhi ya mwaka 2009 inasema maneno ya kujuta, na imeitaja “sorry” kwa jina, hayahesabiwi kuwa kukiri kosa na hayapokelewi kama ushahidi wa dhima. Lakini kinga hiyo haifiki kwenye kesi za jinai wala za makosa ya barabarani. Basi baada ya ajali sema “Are you hurt?” kwanza. “I'm sorry this happened” ni pole salama kwa mtu aliyetikisika. Maelezo ya nani alipita taa nyekundu waachie polisi na bima.

Mtu akiniambia “sorry”, nijibu nini? Mwanangu huku Unguja anajibu “without sorry”.

Mwanao ametafsiri “bila samahani”, na tumecheka kwa mapenzi. Jibu linategemea “sorry” ni ya aina gani. Ikiwa ni ya kuomba radhi: “That's all right” au “Don't worry about it.” Ikiwa ni pole ya msiba au ugonjwa: “Thank you”, kama sisi tunavyosema “asante” au “nimeshapoa”. Kumjibu anayekupa pole ya msiba “it's okay” kunamkata maneno mdomoni. Ikiwa ni ya kukuita, kama ile “Sorry, is this seat taken?”, hakuna cha kusamehe, jibu swali lake. Na ikipanda mwishoni kama swali, “Sorry?”, basi hajakukosea kitu: hakusikia, anataka urudie.